Pesa ya kujipangia ya wenye ulemavu: nani aiangalie, na aangalie nini?

Mama mmoja alisimama katikati ya mkutano wa kundi letu huku Kadutu, mjini Bukavu, ameshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Siku hiyo kila aliyepokea pesa ya msaada alitakiwa kueleza ameitumiaje. Aliposita, nikamwambia: "Mama, soma tu, watu wasikie." Akasoma. Sabuni, mafuta ya kupaka, pikipiki ya kwenda Panzi na kurudi, kisha kwa sauti ya chini, pampasi za mtu mkubwa. Kijana wake wa miaka 16 alikuwa kando ya mlango, juu ya trisikli yake. Hakumtazama mtu. Alishika pedali ya mkono akaanza kuizungusha kinyumenyume, taratibu, mnyororo ukilia, mpaka mama yake akaketi.

Hesabu ilikuwa sawa mpaka franga ya mwisho, na watu walipiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kujua wengine wanafanyaje, ndani na nje ya Afrika, na ninayaandika haya kwa ajili ya makundi ya Bukavu, Goma na Uvira ambayo yanalazimika kuchagua namna ya kuangalia pesa kama hii.

Pesa ya kujipangia si kiti cha magurudumu kinachoshushwa kwenye gari na kupigwa picha. Ni pesa anayopewa mwenye ulemavu, au mlezi wake, aamue mwenyewe itumike wapi: kumlipa anayemsukuma kupanda kutoka Nyamugo mpaka soko la Kadutu, kubadilisha beringi za trisikli, kumpa kitu dada anayemwogesha. Huku kwetu inatoka kwenye muso (kundi la kusaidiana kwa akiba), kwenye kirimba (mchango wa kupokezana), parokiani, kwa ndugu walioko ng'ambo, mara nyingine kwa shirika. Popote inapotoka, kuna mtu atakayeuliza imekwenda wapi, na ana haki ya kuuliza. Mama anayeuza ndizi na kuweka franga zake kwenye sanduku kila wiki hawezi kuambiwa anyamaze. Hata mweka hazina anahitaji kuulizwa, maana asiyeulizwa ndiye anayesingiziwa wa kwanza.

Ili ulinganisho usibaki hewani, tuchukue mfano mmoja tuupitishe kwenye njia zote. Tuseme kuna kijana wa Nyamugo, miguu yake haina nguvu, anauza unite za simu (muda wa maongezi) kando ya barabara. Amepewa dola 20. Ametumia 6 kwa beringi na fundi wa kuchomelea, 8 kwa anayemsukuma, 4 kuongeza mtaji wa unite, na 2 amempa dada yake anayemfulia na kumpikia, akasuke nywele, kwa kuwa mwezi mzima dada huyo hajapumzika hata siku moja.

Njia ya orodha

Hapa kundi linaandika mapema: hiki kinunuliwe, hiki kisinunuliwe. Mwangalizi analinganisha kilichonunuliwa na kilichoandikwa, basi.

New Zealand walipitia hapo kwa maumivu. Kwa miaka kadhaa watu wenye ulemavu na familia zao walikuwa na fungu wanalolipanga wenyewe, na masharti yalikuwa mapana. Tarehe 18 Machi 2024 wizara ya watu wenye ulemavu ilitangaza, kupitia Facebook, kwamba masharti yamebanwa. Familia hazikuwa zimeulizwa. Mambo mengi ambayo walezi walikuwa wakiyatumia kupata pumziko yaliondolewa. Waziri mhusika, Penny Simmonds, alisema hadharani kwamba walezi walikuwa wakitumia pesa hiyo kwa mambo kama kukandwa mwili na kutengeneza nywele. Hasira ilikuwa kubwa, na mwezi wa Aprili jukumu hilo akapewa waziri mwingine, Louise Upston. Septemba 2025 serikali ikatangaza kwamba masharti yale yataondolewa kuanzia Aprili 2026, kila mtu awe na bajeti inayofuata mpango wake.

Nimesimama hapo kwenye nywele kwa sababu dola 2 za dada wa Nyamugo ziko hapo hapo. Kwa orodha, beringi zinapita, anayemsukuma pengine anapita, unite zinakataliwa kwa kuwa ni biashara, na dada anakataliwa moja kwa moja. Lakini dada huyo akichoka akaondoka, nani atamfulia na kumpikia kijana? Dola 2 zile ndizo zinazozifanya zile 18 ziwe na maana, na orodha haiwezi kuona hilo.

Australia nao wana orodha. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024, sheria mpya ya mpango wao wa taifa, unaoitwa NDIS, inataja ni huduma zipi zinalipiwa na zipi hazilipiwi. Mpango huo una watu zaidi ya 600,000, na ukubwa kama huo unalazimisha mambo mengi kuandikwa. Kundi la watu 25 halina sababu hiyo.

Wema wa orodha upo, nisiudharau. Inamkinga mweka hazina na shemeji zake, maana anaweza kusema, "si mimi, ni karatasi." Na wote wanapimwa kwa kipimo kimoja. Mkiamua kuwa na orodha, nawasihi iwe ya makatazo tu, tena fupi: pombe, kamari, kulipa deni la mtu mwingine. Orodha ya yanayoruhusiwa haitaisha, na kila atakayesahauliwa ndani yake ataonekana mwizi.

Njia ya risiti

Hapa mtu ananunua anachoona kinafaa, ila analeta ushahidi.

Uingereza walianza zamani. Sheria ya mwaka 1996 iliruhusu halmashauri kumpa mtu pesa badala ya kumpelekea mhudumu, ikaanza kazi mwaka 1997. Kwa kawaida mpokeaji anakuwa na akaunti ya benki ya peke yake kwa ajili ya pesa hiyo, na halmashauri inaikagua. Halmashauri nyingi zimeongeza kadi inayojazwa pesa kabla, ambayo inawawezesha kuona kila manunuzi bila kuuliza. Urahisi wake ni wa kweli, lakini ni urahisi wa aliye ofisini: mwenye kadi anaishi akijua kwamba jicho liko mfukoni mwake.

Australia, kwa upande huu, wamefanya jambo ninalolipenda. Mtu hapewi mlango mmoja, kuna mitatu. Anaweza kuiacha wakala ya serikali imshikie hesabu, na hapo anatumia watoa huduma waliosajiliwa tu. Anaweza kuwa na msimamizi anayelipa ankara kwa niaba yake, akawa huru zaidi kuchagua wa kumhudumia. Au anasimamia mwenyewe kila kitu, na hapo anatakiwa kutunza risiti kwa miaka 5. Kadiri uhuru unavyoongezeka ndivyo mzigo wa karatasi unavyohamia kwake. Kuna tume ya ubora na ulinzi iliyoanza mwaka 2018 inayowaangalia watoa huduma wenyewe, sio mpokeaji peke yake. Mtu anayeweza hesabu anachukua mlango wa tatu. Anayechoka na namba anachukua wa pili, na haonekani mjinga.

Sasa tulete risiti Bukavu. Benki za Goma zilifungwa Januari 2025, za kwetu Februari, kwa hiyo hadithi ya akaunti ya peke yake haina pa kuanzia. Pesa inapita kwenye simu. Ujumbe wa simu ni ushahidi mzuri wa kwamba pesa imetumwa na imefika, una saa na kiasi, na haufi haraka kama karatasi iliyonyeshewa. Lakini unaonyesha mwanzo wa safari tu. Kijana akishatoa pesa kwa wakala, kinachofuata ni noti mkononi.

Fundi wa kuchomelea hana kitabu cha risiti. Anayesukuma trisikli ndiyo kabisa: anasukuma mpaka juu, anapokea franga zake, anarudi chini kutafuta mwingine. Tulijaribu kudai risiti miezi miwili. Nilichopata ni karatasi zilizoandikwa na mkono mmoja, wino mmoja, usiku mmoja, zimejaa majina ya wauzaji ambao hakuna aliyewajua. Waliozileta hawakuwa wezi. Walikuwa wametumia pesa kwa haki kabisa, kisha sisi tukawalazimisha kutunga.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Tulikata madaftari ya shule vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kipande kina mistari minne: tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi, na dole gumba la aliyelipwa. Kidau cha wino anakaa nacho sekretere, na wanaokihitaji wanakipitia kwake. Fundi anaweka dole lake bila shida. Kwa kitu kilicho chini ya franga 5,000, hatudai kipande. Mtu anaandika mwenyewe na tunamwamini. Kijana wetu wa Nyamugo, kwa njia hii, anapita kwa beringi na kwa anayemsukuma, kwa unite ana ujumbe wa simu, na dada yake anaweka dole gumba kama mfanyakazi mwingine yeyote. Hilo la mwisho lina maana yake: mara ya kwanza dada anaonekana kwenye karatasi kama mtu aliyefanya kazi.

Njia ya kutoulizwa

Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 2004 ya msaada wa jamii, mtu mzima mwenye ulemavu anayestahili anapokea ruzuku ya kila mwezi, na mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa ana ruzuku yake. Ukaguzi wote uko mlangoni: je, unastahili? Ukishaingia, hakuna anayekuuliza ulinunua nini. Kijana wa Nyamugo angepita na dola zake zote 20, unite na nywele za dada zikiwemo.

Ninawajua watu wanaoshtuka kusikia hivyo. Lakini angalieni wizi ulitokea wapi. Kuanzia 2012 malipo yalikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Cash Paymaster Services. Watu walianza kukuta ruzuku zao zimekatwa: muda wa maongezi ambao hawakununua, umeme, mikopo, bima ya mazishi. Shirika la Black Sash liliendesha kampeni ndefu kupinga makato hayo. Mahakama ya Katiba ilishasema mwaka 2013 kwamba mkataba wa kampuni hiyo haukuwa halali, na bado kampuni iliendelea kulipa hadi 2018. Bibi aliyepokea hakuiba kitu. Pesa ilivujia juu yake, kwa aliyepewa kazi ya kumlipa.

Basi hata kundi linaloamua kutouliza mpokeaji halijaondolewa uangalizi. Linauhamishia kwa anayegawa. Huku kwetu maana yake ni kuuliza: dola ngapi ziliingia, siku gani, nani alizitoa kwa wakala, makato ya simu yalikuwa kiasi gani, nani alibeba noti hizo kutoka Nyawera mpaka Cimpunda, na kila mmoja alipata ngapi. Maswali hayo hayamvui mtu nguo. Kila moja lingepaswa kujibiwa ubaoni.

Njia hii inawafaa hasa wenye biashara ndogo. Wenzetu wa Goma wanaovusha bidhaa kwa trisikli pale Petite Barrière, mpakani na Rwanda, wanajua: msaada, mtaji na faida vinalala kwenye mfuko mmoja. Kumwambia mtu wa namna hiyo atenganishe franga za msaada na franga za vitunguu ni kumtaka uongo.

Njia ya macho ya majirani

Hii ndiyo tuliyozaliwa nayo. Kenya wanaitumia kwa sehemu: katika mpango wa Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na kumekuwa na kamati za walengwa mitaani zinazopasha habari na kupokea malalamiko. Wanakamati wanatoka mtaa mmoja na wapokeaji.

Huku kwetu tuna makasha. Anayeijua muso anajua yako matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa ugonjwa na msiba, la bluu kwa pesa inayotoka nje. Mara nyingi kosa letu linaanzia hapo, kwa kuchanganya. Pesa ya ulemavu iliyotoka kwa mfadhili au kwa ndugu wa ng'ambo ni ya kasha la bluu, iwe na daftari lake, isiguswe kumkopesha mtu kwa sababu kasha la kijani limekauka. Na wale wa AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa, wana sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, wanaokaa nyumba tofauti. Hakuna mkaguzi wa nje mwenye nguvu kama watu watatu wanaolazimika kufika wote ndipo mfuniko ufunguke, mbele ya wote, noti zikihesabiwa kwa sauti.

Hapo ndipo tulipokosea siku ya yule mama. Tulichukua desturi ya sanduku, ambayo ni nzuri, tukaipeleka chumbani kwa mtu. Noti za kundi zihesabiwe kwa sauti. Mwili wa mtoto wa mtu usihesabiwe kwa sauti.

Nchi yetu ya Kongo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 12 kinasema mwenye ulemavu ana haki sawa ya kusimamia mambo yake ya pesa, na cha 22 kinalinda faragha yake, zikiwemo habari za afya. Katiba, ibara ya 49, inampa haki ya hatua maalumu za ulinzi, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imekuja kuendeleza haki hizo. Sikuyajua hayo nilipokuwa nikisema "soma tu". Ninayataja kwa sababu kuna wakati mfadhili mdogo, au hata mkubwa wa kartye, atadai majina na magonjwa yabandikwe ukutani ili "kila kitu kiwe wazi". Mnaweza kumjibu kwa heshima kwamba kiasi kitabandikwa, ugonjwa hautabandikwa.

Njia ya majirani ina hatari nyingine ambayo haisemwi sana. Majirani wana wivu, na wana madeni. Anayejulikana kupokea dola 20 leo, kesho ana wageni sita. Dada wa kijana wa Nyamugo akionekana amesuka siku tatu baada ya mgawo, maneno yataanza kabla ya kamati kukaa. Kamati isiyo na sheria ya kunyamaza inageuka kituo cha habari cha avenyu nzima.

Sasa mchague ipi?

Kama pesa ni ndogo na watu ni wachache wanaojuana, msipoteze nguvu kumkagua mpokeaji. Chukueni njia ya kutoulizwa, muwe wakali kwa kasha: bluu peke yake, kufuli tatu, kila kiasi ubaoni. Gharama ya kukimbizana na risiti ya dola 2 ni kubwa kuliko dola 2 zenyewe.

Kama pesa ni ya mfadhili anayetaka ripoti, chukueni vipande vya dole gumba, na mjadiliane naye mapema, kabla hajatuma kitu, kuhusu kiwango ambacho chini yake hakuna ushahidi unaodaiwa. Akishatuma ni vigumu kubishana.

Kama kati yenu kuna watu ambao pesa yao inashikwa na mwingine, mtoto, au mtu mzima asiyeweza kujisemea, hapo mimi sikubali kutouliza. Hapo ndipo nimeona mambo mabaya: mjomba anapokea, mtoto anabaki na shati lile lile. Lakini anayepaswa kuulizwa ni mshika pesa, na anayepaswa kutazamwa ni mtoto, kwa kumtembelea nyumbani. Amekula? Amesafishwa? Anatoka nje? Ziara moja ya nusu saa inasema kuliko risiti kumi.

Kama kundi lina watu wa kila aina, kama letu, igeni ile milango mitatu ya Australia kwa ukubwa wa kwenu. Sisi sasa kila mtu anachagua mwanzoni mwa miezi mitatu: anajisimamia kwa vipande, anamwachia sekretere alipe fundi na msukumaji moja kwa moja kwa simu, au anachukua vitu badala ya pesa. Anaweza kubadilisha baada ya miezi mitatu bila kueleza sababu. Kilichotushangaza ni kwamba waliochagua kulipiwa na sekretere ni wengi, na si kwa sababu hawajui kusoma. Walitaka kuwa na jibu kwa wageni sita: "pesa sinayo mimi, iko kwa kundi."

Vipande vya dole gumba vinasomwa na watu wawili tu. Mmoja anachaguliwa na mkutano, wa pili anachaguliwa na mpokeaji mwenyewe. Wawili hao hutoa kwa mkutano neno moja kwa kila mtu, "sawa" au "turudi", na jumla ya pesa. Wakisema "turudi", wanakwenda nyumbani kwake, hawamwiti mbele.

Yule mama alimchagua mjane wa avenyu ya nyuma, ambaye naye alilea mtoto wa namna hiyo. Mwezi huu alileta vipande viwili. Pikipiki ya Panzi, dola 7. Mahitaji ya mwili, dola 9. Nilivihesabu, nikaandika jumla kwenye daftari la bluu, nikampa mjane kalamu aweke sahihi yake chini ya yangu. Kijana alikuwa nje, wenzake wakimsaidia kukaza mnyororo.